Namna ya Kuziba Mirija Yako Ukingoja Zamu Malaba

Mwongozo huu ni wa mwanamume mwenye shughuli zake: dereva wa trela aliyekwama Malaba mpakani mwa Kenya na Uganda, wakala wa forodha asiyelala, mpakiaji wa magunia, kijana wa bodaboda wa Marachi. Wote hawa ni mabingwa wa njia. Waulize mayai ya Uganda huingiaje sokoni Busia bila kuonana na afisa hata mmoja, nao watakuchorea ramani vumbini kwa kidole gumba cha mguu, pamoja na mti wa kujikinga mvua ikinyesha. Sasa waulize mbegu zao wenyewe hupita wapi tangu zinapotengenezwa hadi zinapotoka. Watakutazama kama umemtukana mama yao.

Ujinga huu usiudharau, una faida zake. Mwanamume asiyejua mirija yake iko wapi anaweza kuiziba yote, wa kulia na wa kushoto, kwa gharama ndogo kuliko ya kuziba pancha, na asishukiwe na mtu. Nguvu zitabaki, ndevu zitabaki, sauti itabaki nzito vilevile. Kitakachokosekana ni mtoto, na kwa hilo kuna mtu mwingine wa kubeba lawama, tutamfikia.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba huijui ramani. Lakini mtu hawezi kukwepa asichokijua kilipo, kwa hiyo nitakupa mara moja tu. Soma, kisha usahau.

Ndani ya kila korodani mna vijirija vyembamba vilivyojikunjakunja, ambavyo vikinyooshwa na kuunganishwa vinafika mamia ya mita. Humo ndimo mbegu hutengenezwa, makumi ya mamilioni kila siku, na kila moja huchukua kama siku 74 kukamilika. Maana yake ni kwamba mbegu unayotamba nayo leo Malaba ilianza kufinyangwa miezi miwili na nusu iliyopita, ulipokuwa Kilindini ukipakia mzigo ambao hata risiti yake umeshaipoteza. Daktari Mholanzi Regnier de Graaf alivieleza vijirija hivi katika kitabu chake cha mwaka 1668, kwa hiyo usiseme habari zimechelewa kufika. De Graaf alifariki mwaka 1673, miaka minne kabla ya mwenzake wa mji uleule wa Delft, Antonie van Leeuwenhoek, kuziona mbegu zenyewe kwenye hadubini. Barabara ilichorwa kabla gari halijaonekana.

Kutoka huko mbegu hupitia vijia kadhaa vifupi na kumiminika katika mrija mmoja unaoitwa epididimisi, uliolala nyuma ya korodani. Hapa ndipo Malaba yenyewe, pamoja na foleni yake. Mrija huu ukikunjuliwa una urefu wa mita 6 hivi, ila umekunjwa ukatoshea mahali pa sentimita chache. Mbegu hukaa humo siku kadhaa, pengine hata wiki mbili. Zinaingia zikiwa hazijui kuogelea, zinatoka zikijua. Hapo imeishinda Malaba yetu, ambayo Januari 2022, Uganda ilipotaka madereva wapimwe Korona kwa malipo mpakani, ilipanga matrela hadi ndani ya Kaunti ya Bungoma na hakuna aliyetoka kwenye foleni ile na ujuzi wowote mpya, isipokuwa wa kupika ugali chini ya tela.

Liweke akilini jambo moja kuhusu epididimisi, kwa sababu kazi yetu yote imeegemea hapo: haina njia ya panya. Busia ukifungiwa geti, mwenyeji atakuonyesha kichochoro nyuma ya nyumba ya shangazi yake. Humu hakuna shangazi. Ni mrija mmoja mwembamba kila upande, na ukizibwa mahali pamoja umezibwa wote.

Baada ya foleni huja barabara kuu, mrija wa mbegu wenyewe, wenye urefu wa sentimita 30 hadi 45 na kuta nene za misuli. Ukipapasa taratibu juu ya korodani utauhisi, mgumu na mwembamba, unateleza vidoleni. Kutoka pale hadi kwenye uume ni pua na mdomo, ungedhani utakata moja kwa moja. Wapi! Unapanda juu, unapenya kwenye kinena, unaingia tumboni, unauvuka mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo, unazunguka nyuma ya kibofu, ndipo unateremka. Mzunguko huu hauna mtu aliyehongwa. Kabla hujazaliwa korodani zilikuwa ndani ya tumbo, karibu na figo, kisha zikashuka kutafuta mahali penye baridi nyuzi mbili tatu pungufu ya joto la mwili, na mrija ukafuata nyuma.

Nyuma ya kibofu, mrija huu hukutana na kifuko kinachotoa sehemu kubwa ya majimaji ya shahawa, kama theluthi mbili, yenye sukari ya kuzilisha mbegu njiani. Vikiungana hapo hutengeneza mrija mfupi wa sentimita 2 hivi unaopita ndani ya tezi dume, nayo tezi inaongeza majimaji yake. Hesabu mwenyewe: mbegu zenyewe ni asilimia chache tu ya kile kinachotoka. Mzigo mkubwa ni maji. Usimwambie mtu jambo hili baa, utaharibu mazungumzo.

Halafu ndani ya tezi dume njia ya mbegu inaungana na njia ya mkojo, na kuanzia hapo barabara ni moja hadi nje. Mbinu hiyo sisi tuliizindua Busia Februari 2018, Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walipofungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani, nchi mbili chini ya paa moja. Mwili wako ulikuwa nayo siku zote. Na una nidhamu kuliko sisi. Shahawa zikipita, msuli wa shingo ya kibofu hujifunga kabisa, mkojo usitoke wala shahawa zisirudi kibofuni. Hakuna wa kumpigia simu ili afunguliwe kidogo.

Basi, ramani ndiyo hiyo. Isahau.

Hatua ya pili: tafuta kisonono. Sina haja ya kukuelekeza pa kukipata. Wewe umetoka Mombasa, umelala Mlolongo, umelala Salgaa, na sasa una usiku kadhaa wa kusubiri karatasi. Kondomu iache kwenye kisanduku cha mbele pamoja na vifaa vya dharura ambavyo pia hujawahi kuvitumia. Ukikosa kisonono, klamidia inafaa vilevile, na kwa kazi yetu pengine inafaa zaidi, maana kwa wanaume wengi haina usaha wala kuungua. Inafanya kazi kimya, haikusumbui, na wewe huisumbui.

Ila kisonono, kwa bahati mbaya, kina kelele. Siku chache tu utaanza kuungua ukikojoa, na usaha utaonekana kwenye nguo. Hapa ndipo watu dhaifu huharibu mpango wote kwa kwenda kliniki. Wewe nenda duka la dawa. Simama pembeni ukijifanya unasoma bango la dawa za minyoo mpaka wateja wa kike waondoke, halafu inama kwenye kaunta.

"Daktari, kuna rafiki yangu ana shida kidogo."

"Rafiki yako anaungua?"

"Anaungua sana."

"Tangu lini?"

"Tangu Salgaa."

Huyo unayemwita daktari huenda ni mpwa wa mwenye duka aliyekuja kushika zamu ya chakula cha mchana, lakini usimvunjie heshima. Atakukatia kapsuli za rangi mbili, ngapi itategemea mfuko wako, azifunge kwenye kipande cha karatasi. Usiulize jina la dawa. Meza mbili kabla ya kuvuka. Ukifika Jinja usaha umepungua, tayari umepona, zilizobaki mgawie tanboi kwa sababu naye ana rafiki.

Uzuri wa mbinu hii ni kwamba kidudu cha kisonono hakijawahi kukataa shule. Kilisomeshwa penisilini kikaimaliza, kikasomeshwa tetrasaiklini, kikasomeshwa siprofloksasini, zote kikazihitimu katika sehemu kubwa ya dunia, Kenya ikiwemo. Ndiyo maana kliniki siku hizi hutumia sindano ya seftriaksoni, na huongeza dawa ya klamidia kwa sababu magonjwa hayo mawili hupenda kusafiri pamoja. Kapsuli zako mbili hazikiui kidudu. Zinakipunguza sauti tu, na kidudu kilichopunguzwa sauti hupanda.

Kinapanda vipi? Kinaifuata ramani uliyoisahau, kinyumenyume. Kinaingia kwenye njia ya mkojo, kinafika ndani ya tezi dume, kinageuka na kushika kile kimrija cha sentimita 2, kinarudi na barabara kuu, kinavuka kinena, hadi kwenye foleni. Epididimisi inavimba. Utaamka asubuhi korodani moja ni nzito, ya moto, na ngazi ya kupandia trela imekuwa mlima Elgon. Kwa wanaume wa chini ya miaka 35, chanzo cha uvimbe wa namna hii mara nyingi ni klamidia au kisonono; kwa wazee huwa zaidi ni vidudu vya njia ya mkojo, vinavyopata nafasi tezi dume ikishavimba na kubana.

Hapa panahitaji moyo. Sema umejigonga kwenye usukani. Sema ni baridi ya Burnt Forest. Mama muuza chai atakuuliza kwa nini unatembea hivyo, mwambie ni mgongo. Ukivumilia bila matibabu, uvimbe utashuka wenyewe baada ya wiki kadhaa, na pale ulipokuwa huenda pakabaki kovu ndani ya mrija ambao, kama nilivyokwambia, hauna kichochoro. Upande mmoja umekwisha. Mungu akupe foleni nyingine ndefu umalizie wa pili.

Wengine hupata na zawadi ya ziada: njia ya mkojo yenyewe inapata kovu na kubana, wakikojoa mkojo unagawanyika matawi mawili, moja linaelekea Tororo na jingine Bungoma.

Na usimwambie mwenzio. Hili ni la lazima. Ukimwambia mke, au yule wa Malaba, au yule wa Salgaa, atatibiwa. Akitibiwa, utakaporudi hutakuta kitu cha kukuambukiza tena. Kwa upande wake yeye, kisonono na klamidia hupanda vilevile hadi kwenye mirija ya uzazi na kuiziba, kwa hiyo kwa ukimya wako mmoja unafunga barabara za watu watatu wanne. Hakuna kazi ya mikono yako itakayowahi kuwa na tija kama hiyo.

Watu wataniuliza kuhusu joto, kwamba dereva anakaa siku nzima juu ya kiti cha moto. Ni kweli, kukaa sana huongeza joto la korodani, na joto hupunguza mbegu. Lakini joto halizibi, linapunguza mzigo tu, na ukiliepuka mara nyingi mambo hurudi sawa baada ya miezi mitatu hivi. Sisi wa fani ya uzibaji hatulihesabu. Wapakiaji wa magunia nao wana lao: gunia la mahindi linasukuma tumbo, tumbo linatafuta upenyo, na upenyo ulio karibu ni ule wa kinena ambamo mrija unapita. Hiyo ndiyo ngiri. Ukiiacha mpaka ijikaze, upasuaji unakuwa wa haraka na wa usiku, mahali penye mrija ambao daktari angependa auone vizuri.

Kwa wakati huu nguvu zako hazijapungua, na hapo ndipo ulipo mtego mzuri kuliko yote. Mwanamume aliyeziba pande zote mbili husimama vizuri, humaliza vizuri, na kinachotoka hakionekani kupungua, maana mbegu zilikuwa asilimia chache tu tangu mwanzo. Ikitokea wasiwasi, nunua mukombero. Wauzaji wanatembea nao stendi ya Busia, vipande vya mzizi vyenye harufu tamu, na kila mmoja ataapa kwamba wake umetoka msitu wa Kakamega. Tafuna. Mzizi ni mtamu, meno yanapata mazoezi, na kovu lililo kwenye epididimisi halina habari na wewe.

Sasa tuje kwa adui mkubwa wa mwongozo huu, yaani vasektomi. Hii ni njia ya kuziba mirija kwa makusudi, kwa ganzi, kwa nusu saa au chini ya hapo, bila usaha na bila homa. Tangu daktari Li Shunqiang wa China abuni mbinu yake mwaka 1974, hata wembe hautumiki kupasua ngozi; ni kitundu kidogo, mrija unavutwa, unakatwa, unafungwa. Inashindwa mara chache sana, mradi uvumilie miezi mitatu ya mwanzo ukitumia kinga nyingine, mpaka kipimo kithibitishe kwamba mbegu zilizokuwa tayari njiani zimekwisha. Kuirudisha kunawezekana kwa baadhi ya watu, ila usiifanye ukitegemea hilo.

Iogope kwa nguvu zako zote. Wanaume wa Kenya wameshakupa mfano: katika takwimu za kitaifa za uzazi wa mpango, waliofungwa mirija ni wachache kiasi cha kukaribia sifuri, ingawa mwaka 2016 Nairobi ndiyo iliyokuwa makao ya Siku ya Vasektomi Duniani. Sema unahasiwa. Sema utanenepa mashavu na kuanza kuimba soprano. Mtu akikueleza kwamba homoni ya kiume husafiri kwa damu, haipiti kwenye mrija hata nukta moja, na kwa hiyo ukiufunga mrija homoni haipotezi hata saa, mwambie ni mpango wa wazungu. Kisha mpeleke mkeo afungwe yeye, ambaye lazima tumbo lifunguliwe.

Nawastaajabu hasa majirani zetu wa Bungoma. Kijana wa Kibukusu, Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, husimama alfajiri amepakwa tope, mbele ya wajomba na majirani, akatahiriwa bila ganzi na kope isitikisike. Mtajie huyohuyo miaka ishirini baadaye kitundu kimoja chenye ganzi, chumbani, pazia limefungwa, uone anavyotafuta kiti.

Na hofu hii ni mpya kuliko mnavyodhani. Miaka ya 1920 wanaume wa Ulaya walilipa pesa wafungwe mrija ili waongezewe nguvu. Eugen Steinach wa Vienna ndiye aliyewashawishi: funga mrija, alisema, na ujana utarudi. Sigmund Freud alifanyiwa mwaka 1923 akiwa na miaka 67. Mshairi W. B. Yeats alifanyiwa London mwaka 1934 akiwa na 68, na aliwaambia watu kwamba amepata ujana wa pili. Mrija ni uleule, kisu ni kilekile. Vienna kilileta nguvu, Busia kinaziondoa. Mrija wenyewe haukuwahi kuulizwa.

Hatua ya mwisho ni ya nyumbani. Miaka mitatu imepita na mke hajashika mimba. Usiseme neno, jamaa watasema kwa niaba yako. Mama yako atapiga simu kutoka Butula. Shangazi atakuja Jumapili na kukaa hadi Alhamisi. Mke atapelekwa hospitali ya Busia, kisha ng'ambo Tororo, kisha Eldoret, atapigwa picha na kutiwa dawa, na kila daktari atamuuliza swali lilelile: mume amepimwa? Yeye atakujibia kwamba uko safarini, na mara nyingi atakuwa anasema kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita hupata shida ya kuzaa wakati fulani maishani, na katika karibu nusu ya ndoa za namna hiyo mwanamume ana sehemu yake. Hesabu hiyo iache nje ya kikao cha ukoo.

Epuka kipimo chenyewe kwa kila hali, kwa sababu ni rahisi mno na hakina heshima kwa hadithi zako. Hutoi damu, hupasuliwi. Unakaa bila tendo siku 2 hadi 7, unajaza kichupa, wanahesabu. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021 huanza kuinua kope chini ya mililita 1.4, au mbegu zikipungua milioni 16 kwa mililita. Ikitokea sifuri, mambo yanazidi kuharibika, maana fundi anaweza kujua pa kuziba palipo wapi. Shahawa zikiwa kidogo na hazina sukari, kizuizi kiko ndani, karibu na tezi dume, au mrija haukuwahi kuwepo tangu kuzaliwa. Zikiwa za kawaida ila hazina mbegu, na korodani ni kubwa na homoni ni sawa, wanakushuku kwenye foleni: epididimisi. Na madaktari wengine hawana adabu kabisa, wanaweza kuunganisha mrija upya mbele ya kizuizi, au kuingiza sindano na kuchukua mbegu moja kwa moja kiwandani.

Ukishindwa kukwepa, ukajikuta na kile kichupa nyumbani kwako, basi jua kwamba lazima kifike maabara ndani ya saa moja kikiwa na joto la mwili. Panda bodaboda, chombo ambacho mpaka huu unajisifu kwamba ndio uliokizaa. Kitie mfuko wa ndani wa koti, ukikumbatie. Kijana atakuangalia kwenye kioo.

"Boss, mbona umejikunyata hivyo?"

Mwambie unasikia baridi. Ni Busia, saa saba mchana, na yeye amefungua vifungo vyote vya shati, lakini atanyamaza, kwa kuwa naye amewahi kubeba vitu vingi hapa mpakani ambavyo mwenyewe hakutaka kuulizwa.